Kigae ambacho hakipo

Tulikuwa wanne mezani, Mwalimu, Fundi, Muganga na mimi, tukicheza Carcassonne, mchezo wa kupanga vigae vya miji, barabara na nyasi. Mwalimu alikishika kigae alichochota, akakizungusha mara mbili kati ya vidole, kisha akakiweka. Hakukiweka kwenye mji wake. Hakukiweka kwenye barabara yake pia, ingawa ilikuwa ikingoja kona moja tu ikamilike. Alikiweka pembeni mwa mji wa Fundi, kwa namna ambayo ilibaki nafasi moja tupu: juu mji, kushoto mji, chini barabara, kulia nyasi.

Fundi akasogeza taa ya sola karibu, akaangalia.

"Mwalimu, hapa mumepafunga."

"Sheria inaruhusu."

"Najua inaruhusu. Nasema tu, hapa hapajengeki tena."

Alikuwa na haki. Hakuna kigae chenye mji pande mbili, barabara upande mmoja peke yake na nyasi upande wa nne. Pekua vigae vyote 72 vya Carcassonne, hutakiona. Fundi alikuwa na mtu wake wa mbao ndani ya mji ule, vigae sita na ngao mbili zilizochorwa juu yake, na alijua kwamba mtu huyo hatarudi mkononi mwake mpaka mwisho wa mchezo.

Tuliendelea. Muganga akashinda. Tukamaliza chai na karanga, kila mtu akarudi kwake mapema, kama wote tunavyorudi mapema siku hizi.

Mimi nimekaa na ile nafasi tupu kwa majuma.

Kwa wasioujua

Nitapita haraka hapa. Mchezo huu ulitungwa na Mjerumani, Klaus-Jürgen Wrede, ukatoka mwaka 2000, na mwaka 2001 ukapewa Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Sanduku letu lilikuja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ndani ya valizi ya dada yangu kutoka Ubelgiji. Karatasi ya sheria ni ya Kifaransa, na kona za sanduku zinashikiliwa na skochi.

Unachota kigae bila kukiona, unakiweka kigusane na vilivyopo mezani. Barabara ikutane na barabara, ukuta na ukuta, nyasi na nyasi. Ukipenda unaweka mtu juu yake: barabarani, mjini, kwenye monasteri, au unamlaza shambani awe mkulima. Una watu saba tu wa kuweka, na wanarudi kwako pale kazi yao inapokamilika, isipokuwa mkulima, ambaye akishalala halali tena pengine. Barabara iliyokamilika inakupa alama moja kwa kila kigae. Mji uliozungukwa na ukuta mzima unakupa mbili kwa kila kigae na mbili kwa kila ngao. Mji uliobaki wazi mwishoni unapata moja moja tu.

Lakini kiini cha mchezo hakiko kwenye alama. Kiko kwenye sheria moja fupi: huruhusiwi kuweka mtu mahali ambapo tayari pana mtu wa mwingine. Mji wa mwenzako huuingii moja kwa moja. Unachoweza ni kuanzisha kimji chako jirani, ukaweka mtu wako humo, halafu ukatafuta kigae cha kuviunganisha. Vikiungana, mwenye watu wengi zaidi anachukua zote. Mkilingana, kila mmoja anapata alama zote.

Hazigawanywi. Mlishike hilo.

Aliyesema ni nani

Fundi si jina la kupewa mezani. Ni mwashi. Ameinua kuta za kushikilia udongo Cimpunda, Nyamugo na kule Funu ambako ardhi yenyewe inateleza. Kila juma mtu fulani anampeleka kwenye parseli, yaani kiwanja, anamwonyesha mteremko, anamwuliza kama pale panajengeka. Kwa hiyo aliposema hapajengeki, nilisikia sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mbele ya watu waliotoa pesa zao.

Wote tunajua namna Kadutu, hapa Bukavu, ilivyojaa. Huyu ana karatasi yake, yule ana karatasi yake, na wa tatu ana karatasi pia, pengine kwa parseli ileile. Kila mmoja anajenga mpaka mwisho wa anachoamini ni chake. Kisha kunabaki kipande katikati: chembamba kwa nyumba, kikali mno kwa njia, hakina mwenyewe. Taka zinaishia hapo. Mvua ikinyesha maji yanapita hapo, na yakipita hapo yanaingia kwa mama anayekaa chini. Nyumba za mbao za Nyamugo zikishika moto, gari la kuzima moto linaishia barabarani, kwa sababu kati ya barabara na moto hakuna hata pa kupitisha toroli.

Hakuna aliyekusudia kipande kile. Hapo ndipo tofauti na meza yetu inapokuja, na ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Mtaani nafasi isiyojengeka inatokea kwa sababu kila mtu alitazama upande wake tu. Mwalimu alitazama pande zote nne. Aliijua orodha ya vigae kwa kichwa. Aliifanya nafasi ile kwa ufundi, kwa mkono wa mtu anayeupenda mchezo.

Je, ni vibaya zaidi, au ni bora zaidi? Nililala na swali hilo nikaamka nalo.

Mji wenyewe

Carcassonne ni mji kweli, kusini mwa Ufaransa, una kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Mwaka 1849 serikali iliamua kuta zile zibomolewe. Wenyeji wakapiga kelele mpaka uamuzi ukaachwa, na kuanzia 1853 msanifu Eugène Viollet-le-Duc akaanza kuzitengeneza upya. Tangu 1997 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kinachonigusa ni kitu kingine. Kati ya ukuta wa nje na ukuta wa ndani kulikuwa na ukanda mtupu wa ardhi, na kwa miaka mingi watu wa hali ya chini walikuwa wamejenga nyumba zao humo, wameegemeza kuta zao kwenye kuta za ngome. Katika kazi ya kuutengeneza mji, nyumba zile zikabomolewa na watu wakahamishwa. Nilipomsimulia Fundi hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama waliwapa muda wa kutoa mabati.

Utetezi wa Mwalimu

Nilimtembelea Mwalimu kwake Ibanda, sehemu nyingine ya Bukavu, Jumapili baada ya misa, nikamwambia wazi kwamba jambo lile halijaniishia. Hakukasirika. Alileta viti nje, akanieleza polepole, kama anavyoeleza darasani.

Kwake, kufunga, yaani kumzibia mwenzako nafasi, ndiyo sehemu ya mchezo inayohitaji kichwa. Kigae unachochota ni bahati. Mahali unapokiweka ni akili. Ukiondoa kufunga, anayeshinda ni aliyechota ngao nyingi, na hapo afadhali turushe sarafu. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelipima.

"Fundi alikuwa mbele. Mezani kila mtu alikuwa anaangalia alama zake na kungoja nani atamfunga. Nimefanya kazi ya wote."

Ni kweli Fundi alikuwa mbele.

Nilirudi nyumbani kwa mguu nikipanda mlima, na njia nzima nilikuwa nikihesabu.

Hesabu

Kigae cha kwanza kinakaa mezani tangu mwanzo. Vinabaki 71. Mkiwa wanne, kila mmoja anachota mara 17 au 18, basi. Zamu moja ni kitu kikubwa.

Mji wa Fundi ungekamilika kwa kigae cha saba: saba mara mbili, jumla 14, na ngao mbili nne nyingine, 18. Ulipofungwa ukabaki na vigae sita na ngao mbili, alama 8. Mwalimu alimpunguzia 10. Na yeye mwenyewe zamu ile alipata nini? Sifuri. Barabara yake haikupata kona, na mtu wake akaendelea kusimama pale. Muganga nami tulipata uleule unafuu wa kumwona Fundi akirudi nyuma kwa 10, na hatukutoa chochote. Muganga alitumia zamu yake kukamilisha monasteri, alama 9.

Mchezo ukiwa wa watu wawili, mambo ni mengine kabisa. Kila 10 unayomnyima mwenzako ni sawa na 10 uliyochuma, kwa sababu hakuna mwingine wa kuiokota. Hapo kufunga ni halali na ni busara, na mimi nikicheza na dada yangu peke yetu ninafunga bila wasiwasi. Lakini wakiwa wanne, anayefunga analipa peke yake, na faida wanaila wawili ambao hawakunyoosha hata mkono. Kazi ya wote, ndiyo. Lakini wote hawakumlipa.

Nilimpelekea Mwalimu hesabu hii. Akaisoma, akaikubali, akasema kwamba bado angefanya vilevile, kwa sababu bila yeye Fundi angeshinda kwa hakika. Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Kama aliye mbele hazuiliwi na mtu, anashinda. Kama anazuiliwa na mmoja, anashinda wa tatu. Wanaozuia wanapaswa kupokezana, na mezani hakuna mahali pa kuandika nani alizuia mara ya mwisho.

Sheria ya nyumbani

Nilipendekeza tujaribu sheria yetu wenyewe: mtu asitengeneze nafasi ambayo hakuna kigae kinachoweza kuijaza.

Ilionekana nzuri kwa muda mfupi sana. Nafasi inayodai mji pande tatu na barabara upande wa nne ina vigae vitatu sanduku zima. Je, kama vyote vimekwisha kutoka? Nafasi inayodai barabara pande zote nne ina kigae kimoja tu. Kikiwa tayari mezani, nafasi hiyo imekufa, hata kama aliyeitengeneza hakukumbuka. Inayodai mji pande zote nne, vilevile, kimoja. Kila zamu ikageuka kuwa kikao cha baraza. Watu wakahesabu, wakabishana, wakadai ushahidi. Miji nayo ikawa mikubwa ajabu, kwa sababu hakuna aliyeogopa, na mtu asiyeogopa hana haraka ya kumaliza. Tulikuwa tukipanga picha nzuri mezani na kupiga miayo.

Nilidhani angalau Fundi atafurahi.

Ndiye aliyeikataa.

"Munanihurumia," alisema. "Sikuomba huruma. Nilitaka tu mujue munafanya nini."

Muganga akanyamaza. Mwalimu akachukua karatasi niliyokuwa nimeandika ile sheria, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimemchukua Fundi kama mtu aliyeonewa anayetafuta sheria imkinge. Yeye alikuwa akitafuta ushahidi: mtu atazame nafasi ile, aseme kwa kinywa chake kwamba amepafunga, na aendelee kucheza akijua.

Wajenzi wawili

Tangu siku hiyo Fundi anacheza kwa namna nyingine, na kwa kweli anatushinda mara nyingi.

Kwanza, haachi mji mdogo ukae. Vigae viwili vikifungana, alama nne, mtu anarudi mkononi, anaendelea. Zamani alikuwa akiona vigae viwili kama aibu. Sasa anajua kwamba kila upande uliobaki wazi ni mahali ambapo mtu anaweza kumharibia, na kwamba upande mmoja ukiharibika mji wote umeharibika. Mwashi huyu anayejua kuta amegundua kwamba hatari yake iko kwenye mapengo.

Pili, na hili ndilo ninalotaka watu wanaocheza walifikirie: mji mkubwa hataki tena kuujenga peke yake.

Nilimwona akifanya. Muganga alikuwa wa mwisho kwa alama, na alikuwa na kimji kidogo jirani na mji wa Fundi. Fundi akachota kigae ambacho kingewatenganisha kabisa. Mtu yeyote kati yetu angekiweka pale bila kufikiri. Yeye akakipeleka mbali, kwenye barabara isiyo na maana, akaacha mlango wazi. Muganga akamtazama, hakusema neno. Zamu mbili baadaye akaunganisha.

Sasa hesabu ya Mwalimu ikageuka juu chini. Mtu akijenga peke yake kati ya wanne, kwa kila mzunguko anachota mara moja akitafuta kigae cha kufungia ukuta, na wengine watatu wanachota mara tatu wakitafuta cha kumharibia. Wakiwa wawili ndani ya mji mmoja, ni mara mbili dhidi ya mara mbili. Na yule aliyeingia, ambaye jana angekuwa mharibifu, leo anailinda ngao kama yake, kwa sababu ni yake. Mji ule ulikamilika ukiwa na vigae vinane na ngao mbili: alama 20 kwa Fundi, 20 kwa Muganga. Hazikugawanywa.

Anachagua mshirika kwa makini. Hamkaribishi aliye mbele, maana 20 kwa wote wawili haikusogezi hatua hata moja mbele yake. Anamkaribisha aliye nyuma. Nimemwuliza kama ni huruma. Akasema ni mahesabu. Nadhani ni vyote viwili, na nadhani hataki niseme hivyo.

Walio nje

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo.

Jioni ile mimi nilikuwa nje ya mji wa alama 20. Mwalimu pia. Tulitazamana juu ya vigae, na nikaelewa kwamba sasa tuna sababu ya kushirikiana kuuharibu, sababu ambayo hatukuwa nayo Fundi alipokuwa peke yake. Kila ukuta unaojengwa na wawili una watu wawili wengine upande wa pili. Mwalimu alisema, kwa sauti ya chini, "Wameungana," na kweli hakuna aliyevunja sheria, hakuna aliyezungumza, vigae peke yake vilikuwa vimepanga ushirika.

Nafikiria mtaa. Majirani wawili wakikubaliana kuchimba mfereji mmoja wa maji, wanafanya jambo jema, na mfereji wao unapeleka maji yote kwa wa tatu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na Fundi ameitwa zaidi ya mara moja kulirekebisha. Yeye anasema dawa ni kumwita wa tatu kabla ya kuanza kuchimba. Kwenye meza hilo linawezekana pia: watu watatu wanaweza kuwa ndani ya mji mmoja, wakilingana wote wanapata zote. Hatujawahi kuufikisha mji wa namna hiyo mwisho. Ninatamani kuuona.

Sanduku la pili

Vijana wa avenyu yetu wamekuwa wakisimama nyuma ya viti vyetu wakitazama, na sasa wanataka kucheza wenyewe. Sanduku ni moja. Tumeamua kutengeneza jingine.

Kazi yenyewe inahitaji mkono ulionyooka. Vigae ni mraba wa sentimita 4.5, na ukikosea milimita mbili barabara haikutani na barabara. Migongo lazima ifanane kabisa, la sivyo mtoto atakijua kigae cha monasteri kwa doa, na monasteri ni sita tu. Seremala mmoja wa Kadutu amekubali kutuchongea watu kutoka kwenye vipande anavyovitupa. Watu 40, rangi tano, wanane kila rangi, mmoja wao wa kutembea kwenye ubao wa alama. Muganga ndiye atakayechora, ana mkono mzuri kuliko sote.

Ubishi uliobaki ni mmoja. Fundi anataka tuongeze kigae cha 73: mji pande mbili, barabara upande mmoja, nyasi upande wa nne. Kimoja tu. Mwalimu amekataa kabisa. Anasema orodha ya vigae ndiyo inayomfundisha mtu kufikiri, na ukianza kuongeza kigae kila mahali panapouma, mwishowe hakuna orodha. Fundi anajibu kwamba vijana wale wamekulia Nyamugo, na kwamba hawahitaji mchezo wa kuwafundisha kuwa kuna mahali pasipojengeka.

Mimi niko na Mwalimu kwa hili, ingawa jibu la Fundi limenichoma. Nataka wajifunze vigae 72 vilevile, wazijue nafasi zilizokufa, wajue pia kwamba mtu akiwa na mwenzake ndani ya ukuta anachota mara mbili. Muganga anasema atakichora hicho cha 73 hata hivyo, akiweke ndani ya bahasha kwenye kifuniko cha sanduku, na vijana waamue wenyewe siku watakayobishana.

Kinachokosekana ni katoni ngumu, ile inayokuja na friji au televisheni, isiyolowana. Aliye nayo, Ibanda au Kadutu, aniambie, nitaifuata mwenyewe.